Nilivyotoa VHH kwenye damu ya ngamia wa Isiolo, baada ya kuharibu mara tatu

VHH ni kipande kidogo cha kingamwili ya ngamia, yaani silaha ya mwili dhidi ya adui. Jana jioni matokeo ya kusoma DNA yamerudi na safari hii kila koloni, yaani kila kundi la bakteria niliowapandikizia kipande kimoja, ina kingamwili yake, sijaona mbili zinazofanana. Nimefurahi sana. Miezi nane nimehangaika na hii kazi, na mingi kati ya hiyo imepotea kwa sababu ya ushauri wa mtu ambaye hajawahi kugusa damu ya ngamia, kwa hivyo kama unataka kuanza soma hapa kwanza kabla hujashika sindano.

Ngamia ana kingamwili kama zetu, minyororo miwili mizito na miwili myepesi, halafu ana zingine hazina mnyororo mwepesi kabisa. Raymond Hamers na wenzake kule Brussels ndio walitangaza hilo 1993. Ile ncha inayomshika adui ni kipande kimoja tu, VHH, kama kilodaltoni 15 hivi wakati kingamwili nzima ya kawaida ni kama 150. Mimi nazitaka kwa ajili ya sumu ya bafe, maana kwetu watu wanang'atwa wakichunga na hospitali iko mbali. Sasa ngamia anarithi jeni za VHH kama 40 tu hivi, zile zingine zote zinatokea pale kila seli B, zile seli nyeupe zinazotengeneza kingamwili, inapounganisha vipande vyake vya jeni, vinaitwa V, D na J, kivyake, halafu mabadiliko yanaongezeka juu yake. Maana yake utajiri wote uko kwenye idadi ya seli utakazofikisha maabara zikiwa hai. Ukiziua njiani umeua kingamwili ambazo hutazipata tena.

Mara ya kwanza niliambiwa damu ni damu, weka friza ulete Nairobi. Nikaweka. RNA, ile nakala ya jeni iliyo ndani ya seli, niliyoitoa pale ilikuwa imekatikakatika, kwenye jeli ya kupimia ni ukungu tu. Mara ya pili huyo huyo akaniambia basi pasua seli nyekundu kwa maji, zile nyeupe zitabaki, kwa mbuzi na ng'ombe inafanya kazi. Nikamwaga maji, nikasubiri, damu bado nzito vile vile, nikaongeza maji, bado. Nilikaa pale karibu saa nzima nikidhani maji yana shida! Seli nyekundu za ngamia ni za umbo la yai na zinaweza kuvimba mara mbili na zaidi bila kupasuka, na ukifikiria ni lazima ziwe hivyo, huyu mnyama akitoka kwenye kiu anakunywa lita mia moja kwa dakika chache. Kwa hivyo zilizopasuka mle ndani zilikuwa nyeupe zangu, nyekundu zikabaki zimenitazama.

Mara ya tatu nikaacha kusikiliza watu. Nikaazima mashine ya kuzungusha damu, nikakodi jenereta, nikatenganisha seli usiku huo huo Isiolo kwenye chumba cha gesti, nikitumia kile kimiminika kizito cha kutenganishia. Breki ya mashine zima, iache isimame yenyewe, la sivyo ule mstari wa seli nyeupe unavurugika. Seli zikaingia moja kwa moja kwenye dawa ya kutunza RNA. Gari, mafuta, jenereta na gesti sijui, elfu thelathini na kitu, praima, vile vipande vya DNA vya kuanzishia PCR, sihesabu.

Ila kilichoniokoa zaidi ni mzee mwenye ngamia. Nilikuwa nimeshapigisha magoti majike watano waliokuwa karibu na boma, akanisimamisha, "Daktari, hawa hawaumwi, damu ya nini?" Nikamweleza, mzee wangu, natafuta silaha za mwili, kila ngamia ana zake. Akatikisa kichwa, "Basi binti yangu umekosea. Hawa watatu ni dada, mama yao mmoja. Chukua huyu, halafu twende kwa ndugu yangu kule mtoni, wale ni ukoo mwingine." Tukazunguka mpaka magharibi, wanyama tisa, kila mmoja mililita 50 hivi kutoka mshipa wa shingo, wenye mimba tukawaacha. Hilo la dada watatu mimi nisingelijua hata kidogo.

Basi, tukaja kwenye PCR, yaani kuzidisha nakala za jeni, na hapa niliharibu tena. Ile ya kwanza ukiipitisha kwenye jeli inakupa bendi ya urefu wa herufi za DNA kama 900, hiyo ni ya kingamwili za kawaida, na chini yake mbili zimekaribiana, kama 690 na 620. Hizo mbili ndizo hazina mnyororo mwepesi, zinatofautiana urefu wa bawaba, ile shingo inayounganisha ncha na mwili wa kingamwili. Mimi nilikimbiza jeli haraka haraka, nikakata ile nene na kipande cha juu yake. Nikasoma koloni, nyingi zilikuwa VH, yaani ncha za kingamwili za kawaida, na za bawaba fupi zote nilizitupa na jeli! Nilirudia hivi: jeli ndefu, volti ndogo, ikae hata saa tatu, na meno ya kitana unayafunga kwa selotepu yawe kisima kimoja kipana ili uingize yote kwa mara moja. Kata zote mbili za chini, kila moja kwa wembe wake, tumia mwanga wa bluu, ule wa UV unaumiza DNA. Na usizidishe mizunguko ya PCR, zile chache zenye nguvu zitafunika zingine.

Sasa nikiangalia, ni VHH kweli: kwenye mnyororo wa amino asidi nafasi ya 45 ni arginini badala ya lusini, kadhaa zina sisteini ya ziada CDR1 na nyingine CDR3 zikishikana (CDR ni vitanzi vinavyomshika adui), na urefu wa CDR3 unapishana kweli kweli. Wiki ijayo naanza na sumu ya bafe.

Nimempigia mzee kumwambia. Akauliza ni ngamia yupi ametoa nyingi. Nikamwambia mzee tulichanganya damu zote pamoja, siwezi kujua. Akanyamaza kidogo, akasema, "Ukirudi, kila mmoja na chupa yake." Chupa nimeshaagiza.