Nilivyochagua stendi za spika ndogo za mezani

Spika ndogo ikikaa mezani bila stendi, twita, yaani kile kispika kidogo cha sauti nyembamba, inakulenga kifuani. Sauti nyembamba husafiri kwa kulenga kama mwanga wa tochi. Sikio likiwa juu ya mstari huo, maneno ya mwimbaji yanafifia. Ndiyo maana naanza na futi kamba, hela baadaye.

Nikiwa nimekaa kwenye kiti changu cha kazi, kutoka uso wa meza hadi sikioni ni sentimita 43. Kutoka kitako cha spika hadi katikati ya twita ni 17. Stendi ya 26 ingefika sawasawa, ila kimo hicho mezani kinayumba ukigusa waya tu. Nikachukua 15, kisha nikailaza spika nyuma kidogo. Kwa umbali wa sentimita 70 kutoka sikio hadi spika, na spika yenye kina cha 18, ukingo wa mbele unainuliwa karibu sentimita 3, na twita inatazama sikio.

Stendi nyingi za dukani ni bati jembamba, na besi ikipiga nalo linanguruma. Igonge kwa kifundo cha kidole: mlio ukiendelea baada ya kugonga, iache. Hapa Tabora mninga tunao, na ukikauka vizuri haupindi ovyo, kwa hiyo nilimpelekea seremala vipimo. Kitako sentimita 20 kwa 24, kipana kuliko spika. Nguzo mbili nene. Kibao cha juu kilichoinamia nyuma, chenye kizuizi cha sentimita 1 upande wa nyuma ili spika isiteleze. Viunganishwe kwa gundi na skrubu, maana msumari peke yake hulegea kwa mtikisiko.

Chini ya kitako nilibandika vipande vya tyubu ya gari, na chini ya spika vipande vinne vya soli ya kandambili. Sponji ya godoro isitumike: inabonyea upande mmoja na pembe yote uliyopima inapotea.

Mwisho laza kioo mezani kati yako na spika. Ukiiona twita humo, sauti inadunda hapo na kufika imechelewa kidogo, ikivuruga ile ya kwanza. Sogeza stendi mbele hadi ukingo wa meza. Kama tundu la besi liko nyuma, acha angalau sentimita 20 hadi ukutani. Besi ikibaki nzito, ziba tundu kwa soksi.