Nilivyowapanga buibui warukao wa Tanga kwa mafuta ya karafuu

Anayeanza kuwapanga buibui warukao kwa spishi hapa pwani hupewa ushauri mmoja na kila mtu: piga picha, linganisha rangi, andika jina. Ushauri huu haufai, na inaniudhi kuona bado unapitishwa kwa vijana wanaotaka kujifunza. Chukua Plexippus paykulli, yule anayewinda nzi kwenye kuta za nyumba karibu zote za mitaa ya Ngamiani na Chumbageni hapa Tanga. Dume ni mweusi mwenye mistari myeupe iliyokolea. Jike ni wa kahawia, na mstari wake wa katikati umefifia. Wapange kwa rangi, utapata spishi mbili pale palipo na moja. Mtoto wa dume naye anafanana na mama yake mpaka ajivue gamba la mwisho. Juu ya hayo, rangi nyingi zimo kwenye magamba madogo kama nywele, ambayo hukwanguka buibui akizeeka au ukimshika vibaya, na wekundu hupotea ndani ya spiriti (ethanoli) ya kuhifadhia. Katika familia ya Salticidae, yaani ya buibui warukao, kubwa kuliko zote za buibui, yenye spishi zaidi ya 6,000 zilizokwisha kuelezwa, rangi ni ya kuanzia kutafuta tu, si ya kuamulia.

Kuwakamata si kazi. Kuta za nje zenye chokaa zinazopigwa na jua la asubuhi ni za Menemerus bivittatus, bapa, wa kijivu, anayeweza kujificha kwenye ufa ambao usingedhani unamtosha. Hasarius adansoni anapenda kivuli na unyevu: nyuma ya mitungi, chini ya vyungu vya maua, pembeni mwa jiko. Kwenye miti fungua mwavuli wa rangi nyeupe, ugeuze chini ya tawi, upige tawi kwa fimbo mapigo machache ya haraka. Wengine huanguka na kutulia kidogo kabla ya kukimbia, na huo ndio muda wako. Mfunike kwa kichupa cha kioo, pitisha karatasi chini. Usimshike kwa vidole wala kibano akiwa hai, maana atauacha mguu na kuondoka, na mguu huo utauhitaji baadaye.

Asiyekomaa hatambuliki kwa spishi, kwa hiyo usimtie kwenye spiriti. Dume anayekaribia kukomaa utamjua kwa vile viguu viwili vifupi vya mbele, pedipalpi, ambavyo vimevimba kama glavu za bondia lakini havina michoro yoyote. Mweke kwenye kikopo cha plastiki kinachopitisha mwanga, chenye matundu ya sindano, na pamba iliyoloweshwa kidogo tu. Maji yakisimama kikoponi atazama au ataota ukungu. Ndizi iliyoiva sana kwenye chupa iliyofungwa kwa kitambaa chepesi hutoa vinzi vya matunda vya kutosha, na mchwa wanaoruka baada ya mvua ni karamu kwa wakubwa. Akijifunga ndani ya kifuko cha utando na kuacha kula, usimguse. Anajivua gamba.

Mpango wenyewe unaanzia machoni. Wote wana macho manane, na yale mawili makubwa yanayotazama mbele ndiyo yanayowatenga na buibui wengine. Mtazame kwa juu ukitumia lenzi inayokuza mara kumi. Wengi macho yao yamekaa katika safu tatu: manne mbele, mawili madogo katikati, mawili nyuma. Ukiona safu nne za mawili mawili, kwa buibui mdogo mweupe au wa kijani kibichi mwenye miguu mirefu, aliyekaa chini ya jani, huyo ni wa kundi la Asemonea. Kisha angalia lile jozi la katikati. Kwa Portia, mrukaji mwingine, na ndugu zake ni makubwa na yanafanya kazi ya kuona. Kwa Plexippus, Menemerus na Hasarius yamebaki nukta tu. Mwisho, chini ya hadubini, tazama ncha ya pedipalpi ya jike. Nusufamilia ya Salticinae, ambayo ndiyo yenye spishi nyingi mno kuliko nyingine zote, imepoteza ukucha pale. Portia bado anao. Mambo hayo matatu yanakuonyesha tawi la ukoo, jambo ambalo picha ya simu haiwezi.

Wapo wanaosisitiza meno ya taya, na wana sababu, maana Mfaransa Eugène Simon, katika kazi yake ya miaka ya 1901 hadi 1903, aliigawa familia yote kwa meno ya upande wa nyuma wa mfereji wa taya: jino moja, jino moja lenye ncha mbili, au meno mengi. Yahesabu, kwa kuwa yanasaidia kufikia jenasi, yaani kundi la spishi zilizo karibu kiukoo. Ila usiyafanye msingi wa ukoo. Ukifuata meno peke yake, Myrmarachne anayejifanya sisimizi na Portia anayewinda buibui wenzake wanawekwa pamoja kwa kuwa wote wana mengi. Uchunguzi wa DNA umewaweka mbali sana. Mpango ninaoufuata ni wa mtaalamu wa buibui warukao Wayne Maddison wa mwaka 2015, na kwa buibui wa nyumbani kwetu unapendeza kuutazama: Plexippus yuko kabila moja (kundi la jenasi zenye ukoo mmoja) na Hyllus wale wakubwa wa porini na Evarcha, jenasi ya yule Evarcha culicivora wa ukanda wa Ziwa Viktoria anayependelea mbu walioshiba damu. Menemerus yuko kabila la Chrysillini, Hasarius ana kabila lake. Watatu wanaishi nyumba moja, mmoja ukutani nje, mmoja karibu na taa, mmoja nyuma ya mtungi, na ni wa koo tatu.

Ili kufika kwenye spishi lazima uone viungo vya uzazi, na hapa ndipo nilipohangaika na hapa ndipo ninapojivunia. Kwa jike unachohitaji ni lile bamba gumu lililo chini ya tumbo, mbele kidogo ya mkunjo unaopita kati ya mapafu. Nje utaona matundu. Ndani yake kuna mirija na vifuko vya kuhifadhia mbegu, na umbo la mirija hiyo ndilo linalotenganisha spishi. Haionekani mpaka nyama iliyoizunguka ipitishe mwanga.

Nilishauriwa kutumia kostiki soda ya watengeneza sabuni. Kostiki inakula nyama, kweli, lakini haijui pa kuishia. Vifuko vigumu vilibaki, mirija myembamba ikalegea, ikajikunja, mingine ikakatika kabisa, na jike aliyekuwa mmoja tu wa aina yake akawa hana tena cha kuchora. Ukiipasha moto ni mbaya zaidi. Wenye maabara hutumia potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10 kwa uangalifu na saa mkononi, na wanajua wanachofanya. Ila kumpa mtu wa nyumbani ushauri huo bila kumwambia hatari yake ni kumharibia sampuli.

Mafuta ya karafuu hayali kitu. Yanachofanya ni kuingia kwenye nyama na kuifanya ipitishe mwanga, na ukimaliza unayaosha, kila kitu kikiwa mahali pake. Wachunguzi wa buibui Ulaya wameyatumia kwa miaka mingi, na sisi tunaoishi mkabala na Pemba tunanunua kostiki! Kichupa kidogo ni shilingi elfu chache sokoni Mgandini au kwa wauza dawa za asili, na kinadumu mno kwa kuwa unatumia matone.

Tatizo ni kwamba mengi yanayouzwa yamechanganywa na mafuta ya kupikia, na hayo hayang'arishi chochote. Pima kabla ya kulipa. Dondosha tone moja kwenye bilauri ya maji: mafuta halisi ya karafuu ni mazito kuliko maji, yanazama. Mafuta ya kupikia yanaelea. Yaliyochanganywa yanasitasita au kusambaa juu. Nyumbani rudia kwa spiriti kali: halisi yanayeyuka yakapotea, yenye mafuta ya kupikia yanaacha matone au weupe. Kipimo hiki kimeniokolea fedha, na wauzaji wa pale wamekwisha zoea kuniona na bilauri yangu.

Likate bamba kwa upana kuliko unavyodhani inahitajika, kwa ncha ya sindano ya insulini, buibui akiwa amelala chali ndani ya spiriti. Ondoa nyama iliyolegea bila kukwangua. Sasa lihamishe kwenye ethanoli ya asilimia 95 au zaidi, likae dakika 10. Hatua hii watu huiruka, kisha wanalalamika kuwa mafuta yamegeuka maziwa. Weupe ule ni maji yaliyokuja na spiriti ya asilimia 70. Likishakauka maji, litie kwenye tone la mafuta juu ya kioo. Tumia kioo, si plastiki, maana mafuta ya karafuu yanalainisha na kuitia ukungu plastiki nyingi. Bamba jembamba huwa angavu ndani ya dakika chache, jeusi na nene huchukua saa moja au zaidi. Chora upande wa nje, geuza, chora wa ndani. Lisikae humo siku nyingi kwa sababu linakuwa kavu na la kuvunjika. Lioshe kwa ethanoli kali, lirudishe kwenye asilimia 70.

Dume ni rahisi zaidi. Kwa desturi hukatwa pedipalpi ya kushoto na huchorwa kwa chini na kwa ubavu wa nje. Angalia mwiba ulio kwenye pingili inayotangulia ya mwisho, kisha ule mrija mwembamba wa kupitishia mbegu: unaanzia wapi, unazunguka kwa upande gani, una urefu gani. Ili isigeuke wakati wa kupiga picha, izamishe kwenye kitakasa mikono cha jeli chenye ethanoli, kisicho na rangi. Jeli inaishika kwa pembe yoyote utakayo. Mapovu ndiyo adui, kwa hiyo mimina polepole na uiache itulie kabla ya kutia sampuli. Buibui mzima mweke juu ya mchanga mwembamba wa ufukwe wa Raskazone uliooshwa chumvi, ndani ya kisahani chenye spiriti.

Kwenye miembe yenye majimoto, wale sisimizi wanaoshona majani, kagua kila "sisimizi" anayetembea peke yake. Myrmarachne huinua miguu ya mbele akiipunga kama vipapasio, lakini hesabu miguu, ni minane, na ukimtikisa atashuka kwa uzi. Dume ana mataya marefu yaliyonyooka mbele, anaonekana kama sisimizi aliyebeba mzigo. Msiwatupe mkidhani wameharibika.

Kuhusu spiriti: ile iliyotiwa rangi ya kuwashia majiko hutia madoa magamba meupe. Nunua ethanoli safi ya asilimia 95, chukua mililita 74, ongeza maji yaliyotoneshwa mpaka zifike 100, umepata asilimia 70. Ibadilishe baada ya siku mbili tatu, kwa kuwa mwili wa buibui unatoa maji. Mguu mmoja, ule niliosema utauhitaji, ukate uuweke peke yake kwenye asilimia 95 bila kuongeza maji, kwa ajili ya DNA. Lebo iwe ndani ya kichupa, kwa penseli. Wino wa kalamu ya kawaida unayeyuka na kukuachia karatasi tupu. Andika mahali, tarehe, mti au ukuta, na nani aliyekamata. Bamba la jike likae kwenye kichupa kidogo ndani ya kichupa cha mwili wake.

Michoro ya kulinganisha, anzia kwa Wanda Wesołowska na Anthony Russell-Smith, waliochapisha mwaka 2000 kazi kubwa juu ya buibui warukao wa Mkomazi, hifadhi ya wanyama ambayo sehemu yake imo mkoani kwetu. Kumbuka Mkomazi ni nyika kavu. Wa misitu ya Amani, wa minazi na wa mikoko wengi hutawaona humo, na kwa Amani, ambayo ni hifadhi, pata kibali kwanza. Majina yanayokubalika sasa yahakikishe kwenye katalogi ya buibui wa dunia inayotunzwa na jumba la makumbusho ya historia asilia la Bern, Uswisi. Mchoro wako usipooana na wowote, usilazimishe jina. Mimi naandika Hyllus sp. na namba ya kichupa, kisha narudi kwenye mti uleule kutafuta jinsia ya pili.