Faili la zip au tar likigoma kufunguka, anza na amri ya file

Zip na tar ni mafaili mengi yaliyofungwa pamoja kuwa faili moja. Mengi yanayogoma kufunguka kwenye Linux hayana kosa la amri. Yameshuka nusu. Ukishusha kitu kizito kwa bando la simu huku mtandao unakuja na kupotea, kama unavyofanya barabara ya Mbeya kwenda Chunya ukishaanza kupanda, unabaki na faili lenye jina kamili lakini ndani limekatika. Kwa hiyo kabla ya kufungua, hakikisha kwanza kwenye terminal (dirisha la kuandikia amri) ulichonacho ni nini:

file ramani.zip

Amri hii haidanganywi na jina, inasoma baiti za mwanzo za faili lenyewe. Ikijibu "Zip archive data", endelea. Ikijibu "HTML document", ulichoshusha ni ukurasa wa wavuti, mara nyingi ule wa kuingia kwenye Wi-Fi ya hoteli au chuo, uliohifadhiwa kwa jina la zip. Piga ls -lh uone ukubwa: kurasa za namna hiyo huwa na KB chache tu. Hapo usihangaike na amri za kufungua, shusha upya.

Zip na tar haziharibiki kwa namna moja, na inafaa kujua kwa nini. Zip huweka orodha ya yaliyomo mwishoni kabisa mwa faili. Mtandao ukikatika kwenye asilimia 98, orodha haipo, na unzip hukataa faili zima kwa ujumbe wa "End-of-central-directory signature not found". Usilifute. Rudi kwenye folda ileile uendelee pale ulipoishia:

wget -c ANWANI

ANWANI ni kiungo ulichoshushia faili. Kwa curl ni curl -L -C - -O ANWANI. Seva nyingi zinakubali kuendeleza, na MB ulizokwisha kulipia hazipotei. Kama chanzo hakipatikani tena, jaribu zip -FF ramani.zip --out ramani2.zip. Hiyo hupitia faili zima ikitafuta vipande vilivyokamilika na kuvitengenezea orodha mpya.

Tar ilitengenezwa kwa ajili ya kanda za sumaku miaka ya 1970, kwa hiyo kila faili ndani yake lina kichwa chake cha baiti 512 kinachotangulia yaliyomo. Ndiyo maana tar.gz (tar iliyogandamizwa kwa gzip) iliyokatika hufunguka mpaka pale ilipokatikia, kisha ikalalamika "Unexpected EOF in archive". Hapa ndipo watu wengi wanaponaswa: folda inaonekana imejaa, ujumbe umepita juu ya skrini, na faili la mwisho ni kipande tu. Baada ya kufungua, andika echo $? mara moja, uone kama amri iliyotangulia ilifanikiwa. Jibu likiwa 0, mambo ni sawa. Likiwa namba nyingine, panda juu usome ujumbe.

Unaweza pia kupima bila kufungua kitu: unzip -t kwa zip, gzip -t kwa gz, xz -t kwa xz. Mwenye faili akiwa ametoa namba ya sha256 (alama ya utambulisho inayokokotolewa kutokana na yaliyomo), linganisha na jibu la sha256sum. Mimi sinakili kitu kwenye flashi ya mtu kabla ya kipimo hiki.

Sasa tazama yaliyomo: unzip -l ramani.zip, au tar -tf mradi.tar.gz. Baadhi ya mafaili haya hayana folda ya juu, na ukiyafungua kwenye Downloads yatakumwagia vitu mamia katikati ya vitu vyako. Yape mahali pake:

unzip ramani.zip -d ramani
mkdir mradi && tar -xf mradi.tar.gz -C mradi

Unzip hujitengenezea folda uliyoitaja. Tar haifanyi hivyo, -C inataka folda iwepo tayari.

Tuchukue data za OpenStreetMap (ramani huria ya dunia) za Tanzania zinazotolewa na Geofabrik, faili la tanzania-latest-free.shp.zip. Ni la nchi nzima, nawe unataka barabara tu ili uchore njia ya Tukuyu hadi Kyela. Huna haja ya kufungua lote:

unzip tanzania-latest-free.shp.zip 'gis_osm_roads_free_1.*' -d barabara

Nyota mwishoni ni ya lazima, kwa sababu .shp peke yake haisomeki bila .shx na .dbf, na .prj ndiyo inayobeba mfumo wa majiranukta (coordinates). Alama za kunukuu nazo usiziache. Ukiandika unzip *.zip bila alama hizo kwenye folda yenye zip tatu, shell (programu inayosoma amri unazoandika) inazitaja zote, na unzip inaitafuta ya pili na ya tatu ndani ya ile ya kwanza. Ndiko inakotoka "filename not matched". Andika unzip '*.zip'.

Kwa tar, acha kukariri z, j na J, herufi za kutaja aina ya mgandamizo (gzip, bzip2 na xz). Tar ya GNU inatambua yenyewe aina ya mgandamizo, hivyo tar -xf inatosha. Ukilazimisha z kwenye faili la xz utapata "not in gzip format". Herufi f iwe ya mwisho: tar -xfv mradi.tar hutafuta faili linaloitwa v.

Kwa 7z na rar, tumia x, si e (7z x, unrar x). Herufi e hutupa mafaili yote kwenye folda moja, na yenye majina yanayofanana yanagongana. Rar iliyokatwa vipande, weka vipande vyote pamoja ufungue part1 tu. Gunzip nayo hufuta faili la gz baada ya kulifungua, ongeza -k libaki.

Flashi nyingi zinazozunguka steshenari zetu ni FAT32, ambayo haipokei faili moja la GB 4 au zaidi. Utaona "File too large" hata kama df -h inaonyesha nafasi tele. FAT32 pia haijui viungo vya Linux (symlink, faili linaloelekeza kwenye faili jingine), kwa hiyo tar yenye programu itakwama na "Cannot create symlink". Fungulia kwenye diski ya kompyuta. Kuifomati flashi kuwa exFAT kunaondoa kikomo cha ukubwa, lakini viungo bado vitakataa.

Na kwenye maabara za shule zenye kompyuta za zamani, tar ikisema "time stamp ... in the future", betri ya ubao mama imekufa na saa imerudi nyuma. Mafaili yako ni mazima. Rekebisha saa kwa sudo date -s "2025-03-10 09:30" (weka tarehe ya siku hiyo) kabla ya kukompaili chochote, maana make, programu inayoendesha kazi ya kukompaili, hulinganisha tarehe za mafaili na itachanganyikiwa.