Chuma kikidondoka Msimbati, Mtwara, nani analipa?

Tangu Rais Samia atangaze mwaka 2023 kwamba Tanzania ina mpango wa kurusha setilaiti yake, mazungumzo ninayoyasikia ni ya fursa, vijana na teknolojia. Sawa. Mimi ni wakili hapa Mtwara, nakula kwa mikataba ya korosho, na nimezoea kusoma kipengele cha hasara kabla ya cha faida. Sera ya anga za juu nayo ningeianzia huko.

Aliyenichokoza ni mjomba wangu, mvuvi wa Mikindani. Aliona kwenye simu ile pete ya chuma iliyoanguka kutoka angani kijijini Mukuku, Makueni, nchini Kenya, tarehe 30 Desemba 2024: kipenyo kama mita 2.5, uzito kama kilo 500. "Haya mwanasheria, ikitua juu ya mashua yangu namshtaki nani?"

Humshtaki mtu, mjomba. Kwa mkataba wa kimataifa wa 1972 kuhusu dhima ya vyombo vya anga za juu, nchi iliyorusha chombo hulipa madhara ya huku chini hata kama haikuzembea, ila anayepeleka madai ni serikali yako, kwa njia ya kibalozi, tena ndani ya mwaka mmoja. Sasa faili hilo, hapa Tanzania, linafunguliwa kwenye meza ya nani? Kenya iliunda shirika lake la anga za juu mwaka 2017, kwa hiyo Mukuku kulikuwa na wa kwenda kuichukua ile pete na kuichunguza.

Upande wa pili, sisi tukiwa warushaji, ndio unaoninyima usingizi. Taifa-1, setilaiti ya Kenya, ilipaa kutoka California Aprili 2023 kwa roketi ya SpaceX. Usidhani dhima yote ni ya mwenye roketi: mkataba uleule unaihesabu pia nchi iliyoagiza urushaji. Na ule wa 1967, mkataba mkuu wa kimataifa wa anga za juu, unaitaka nchi iliyojiunga nao itoe kibali kwa kampuni zake binafsi na iendelee kuzisimamia. Kijana wa chuo akiunda kisetilaiti cha kilo chache, akalipia nafasi kwenye roketi ya watu, atakayefuatwa ni Hazina, itake isitake. Ndiyo maana sheria lazima itaje nani anatoa kibali, nani anakiandikisha chombo (mashua ya mjomba ina namba ubavuni, hiki je?), bima ni kiasi gani, na kikizeeka kinaondolewaje.

Halafu taarifa. Kimbunga Kenneth kilipotutishia Aprili 2019, kabla hakijapiga Cabo Delgado, Msumbiji, tulikifuatilia kwa setilaiti za wengine. Sera iseme picha za setilaiti hizo zinamfikiaje mvuvi, kwa Kiswahili, kabla ngalawa hazijatoka. Hicho ningekiweka ukurasa wa pili.