Nilivyowasha buli la kukesha bila kulipasua

Buli la kukesha ni buli la kauri linalokaa juu ya kinara chenye uwazi ndani, ambamo huwaka taa ndogo. Kila muuza vitu vya kale niliyemuuliza Paris namna ya kuliwasha alinijibu vilevile: tia mshumaa mdogo wa kopo, basi. Ushauri huo ndio unaoyaua mabuli haya.

Wafaransa huliita veilleuse, kutoka neno lao la kukesha, na kweli lilikuwa la kumkeshea mgonjwa: mwanga chumbani, na kinywaji kikae moto bila kuwasha jiko usiku. Katika karne ya 18 juu ya kinara palikaa bakuli la supu au uji wa mtoto, buli likafuata. Miaka ya 1830 mtengenezaji wa kauri Jacob Petit aliyatengeneza mjini Fontainebleau, Ufaransa, kwa umbo la watu: sketi ndiyo kinara, kiwiliwili ndicho buli. Alama yake ya J.P. imeigwa mno, usiiamini peke yake. Afadhali utazame kama mchoro wa dhahabu unaendelea sawasawa kutoka kinara hadi buli. Na kikombe cha mafuta, kile kinachowashwa ndani ya kinara, kikiwepo, usibishane sana bei. Ndicho hupotea kwanza. Mimi nilitoa euro mia mbili na ushee.

Mshumaa niliujaribu. Dakika kumi hazikufika: mwali ulikuwa unalamba kitako cha buli, masizi yameganda, nta yote imekuwa maji, kinara hakishikiki. Kauri hupasuka pale sehemu moja inapopata moto na jirani yake bado baridi, na mwali mrefu hufanya hivyo hasa. Nilizima upesi.

Nikarudi kwenye mafuta, kama zamani. Maji nusu kikombe, juu yake mafuta ya zeituni sentimita 1. Nilikata kizibo cha chupa, unene wa milimita 3, nikakifunika karatasi ya bati, nikatoboa katikati na kupitisha uzi wa pamba, kikaelea juu ya mafuta. Utambi utokeze milimita 2 tu. Ukifika 5 unatoa moshi, kama kibatari. Mafuta yakiisha, utambi unakuta maji, unajizima wenyewe. Huo ndio uzuri wake.

Bado mwali ulikuwa ukifa kila mara. Kumbe tundu la hewa mgongoni mwa kinara lilijaa masizi ya miaka mingi. Kijiti cha meno, maji ya vuguvugu na sabuni vilitosha. Kuna aliyenihimiza nitumie dawa ya kung'arishia nguo. Hiyo huingia kwenye nyufa ndogo na kuharibu kauri kutoka ndani. Steelwire nayo inafuta dhahabu.

Buli halichemshi, linatunza joto. Suuza kwanza kwa maji ya vuguvugu, ndipo umimine ya moto. Baada ya saa 3 yangu yalikuwa bado yanapasha kiganja. Siyanywi, kwa kuwa rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu.

Nilizima taa ya chumba. Ukuta wa kinara uligeuka rangi ya asali, na nilipoushika kwa nyuma, vivuli vya vidole vyangu vilionekana mbele.