Mguu wa nne

Jumamosi nzima nilikuwa mjini nikitafuta transista isiyozidi ukubwa wa harage, AF117, ya kufufulia redio. Redio ni ya Peugeot 404 ya marehemu baba, Philips ya masafa ya kati peke yake, na ilikuwa imenyamaza tangu tulipomzika.

Wiki iliyotangulia niliichomoa kwenye dashibodi nikaiweka mezani. Kabla ya kuipa umeme niliangalia mambo mawili, na nawasihi wenye redio hizi wasiyaruke: kwamba chanya na hasi zimekaa upande wake, kwa sababu magari mengi ya enzi zile yaliunganisha chanya kwenye bodi ya gari, na kwamba spika imeunganishwa. Transista za jemaniamu za kukuza sauti zinaweza kuungua zikifanya kazi bila spika.

Taa ya kioo cha stesheni iliwaka. Spika ikavuma kwa mbali, basi. Nikagusa mguu wa kati wa kitufe cha sauti kwa ncha ya bisibisi na spika ikanguruma. Moyo ulinitulia hapo, maana nusu ya nyuma ilikuwa hai. Ugonjwa ulikuwa mbele, pale mawimbi yanapopokelewa, zilipo AF117. Nikagonga kwa mpini wa bisibisi. Muziki ukatoka sekunde mbili hivi, ukakatika.

Kwenye maduka ya Luthuli Avenue, Nairobi, nilipata kapasita zote nilizotaka. Zile za zamani hukauka ndani hata kama hazikutumika, kwa hiyo nilibadilisha zote bila kuzipima. Lakini nilipotaja AF117, kijana wa dukani alinitazama kwa huruma. "Mzee, hiyo mimi sijawahi kuiona. Ebu jaribu Grogan."

Grogan ni Kirinyaga Road, lakini jina la zamani halijawatoka watu mdomoni. Nilizunguka kati ya rejeta na milango ya magari mpaka nikafika kwa fundi mmoja mwenye mvi, ana debe la redio zilizokufa. Nilimwamkia, nikamweleza shida yangu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Usinunue. Hata ukiipata mpya, imeshaota sharubu ikiwa kwenye boksi."

Akachomoa moja kutoka kwenye ubao mbovu akaniwekea kiganjani. Kikopo kidogo cha chuma, miguu minne. Ndani ya kikopo huota nyuzi za bati nyembamba kuliko unywele, polepole, miaka na miaka, mpaka zinagusa moyo wa transista. Kikopo chenyewe kimeunganishwa na bodi kwa ule mguu wa nne, kwa hiyo uzi ukishagusa tu, mawimbi yote yanamwagika huko. "Kata mguu wa nne," akasema. "Sharubu ziache zikae."

Sikuondoka mikono mitupu. Kwenye debe lake nilipata kitufe cha kutafutia stesheni chenye duara la fedha, ndugu wa kile kilichovunjika chetu, kwa shilingi 200. Aliniuliza pia kama nataka aitoe mashine yote ya ndani aweke ya bluetooth, wengi siku hizi wanataka hivyo. Nilikataa. Sura ya redio bila redio yake inaniuma, siwezi kuficha.

Nilikata miguu mitatu, kwa transista tatu, na mkono ulitetemeka kwa sababu mguu ukikatwa sio, hakuna wa kubadilisha. Nikarudisha redio garini usiku, wakati mzuri wa masafa ya kati: jua likizama, lile tabaka la chini la anga linaloyameza mawimbi mchana hutoweka, na stesheni za mbali zinafika. Nikazungusha kitufe taratibu. Mlio, mlio, halafu mwanamke akiimba taarabu, sauti ikipanda na kushuka kama inayoletwa na upepo.

Mama alitoka ndani na leso yake mabegani, akafungua mlango, akaketi kiti chake kile kile. Tulisikiliza wimbo mzima.

"Mbona huigongi?" akauliza.

"Kuigonga?"

"Babako aliigonga hapa kila tukipita Limuru." Akapiga juu ya dashibodi kwa vidole viwili, kwa upole, mara mbili.

Taarabu ikaendelea.