Mizabibu ya Constantia

Tangu tufike Cape Town, zamu zangu za hospitali na masomo ya mume wangu vilikuwa vikipishana. Mmoja akiingia nyumbani, mwingine anafunga viatu. Tarehe 21 Machi 2019, Siku ya Haki za Binadamu ya Afrika Kusini, sikukuu ikatukuta wote hatuna kazi. Kabla hata ya chai akaniambia, "Leo twende nikaone mizabibu ya wenzetu."

Mume wangu ni mtoto wa Hombolo, Dodoma. Ada zake zilitoka kwenye zabibu, na utotoni alikuwa akishinda shambani kufukuza ndege wasizile. Mimi ni wa Muheza, nimekulia kwenye michungwa, kwa hiyo siku ile mwenyeji alikuwa yeye.

Constantia iko upande wa pili wa Mlima Meza. Mashamba yamepanda miteremko, na ukigeuza uso unaiona bahari ya False Bay ikimetameta chini. Upepo wa kusini-mashariki hupanda kutoka huko na kuyapooza mashamba, zabibu zikaiva polepole. Tulianzia Groot Constantia, shamba ambalo Simon van der Stel, mkuu wa koloni la Waholanzi, alipewa mwaka 1685. Wageni wengine walinyoosha moja kwa moja kwenda kuonja mvinyo. Sisi tulikwama kwenye mistari ya mizabibu, maana mume wangu alikuwa amechuchumaa, anapima kwa macho unene wa mashina, anahesabu macho ya matawi.

"Hawa wanavuna mara moja tu kwa mwaka," alisema. "Baridi ikija, mzabibu wao unalala wenyewe. Sisi hatuna baridi ya kuulaza. Baba anaupogoa, unaamka, unazaa. Anapogoa tena, unazaa tena." Aliyasema hayo kwa fahari ambayo sikuwahi kuisikia kwake, hata siku alipopata nafasi ya masomo.

Kwenye nyumba kubwa ya zamani, ambayo sasa ni makumbusho, tulikaa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Mizabibu ya mwanzo ya bonde lile ilitunzwa na watumwa walioletwa kutoka Msumbiji, Madagaska, India na visiwa vya Indonesia. Utumwa ulifutwa mwaka 1834, lakini hata baada ya hapo vibarua wengi wa mashamba ya Cape walilipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo, na ulevi ule ulizitafuna familia vizazi kwa vizazi. Naamini mtu akionja mvinyo wa Constantia bila kuyajua hayo, ameonja nusu.

Mchana tukachukua teksi hadi Klein Constantia, kipande kilichomegwa kutoka shamba lile lile la van der Stel. Karibu na lango, chini ya miti, kuna kaburi lililojengewa. Amelala pale Sheikh Abdurahman Matebe Shah, ambaye Waholanzi walimhamishia Cape kutoka Asia miaka ya 1660. Waislamu wa Cape wanamkumbuka kuwa alikuwa sultani wa mwisho wa Malaka. Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mwislamu, na utotoni alinichukua kwenye ziara za makaburi ya masharifu. Nilivua viatu, nikafunika kichwa kwa mtandio, nikamwombea mzee yule aliyezikwa mbali na kwao. Mume wangu alinisubiri mlangoni, kofia mkononi. Siku nzima ile, hapo ndipo nilipojisikia kama niliyefika mahali ninapopafahamu.

Ndani ya shamba, baadhi ya vichala vya maskati, aina ya zabibu, vilikuwa bado vimeachwa mtini makusudi, vinasinyaa ili sukari ikolee. Ndivyo wanavyopata Vin de Constance, mvinyo mtamu ambao Napoleon aliunywa akiwa kifungoni kwenye kisiwa cha Saint Helena. Ulipotea baada ya wadudu wa mizizi kuangamiza mizabibu karne ya 19. Shamba hili likaufufua kwa mavuno ya mwaka 1986. Tulionja glasi moja kwa wawili. Una ladha ya maganda ya machungwa na asali, na mimi wa Muheza nilifurahi mno.

Tukiwa bado mezani, mume wangu akampigia baba yake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Huko wanauzaje kilo?"

Mume wangu akamweleza kwamba hapa zabibu hazipimwi kilo kumpelekea mtu mwingine. Zinakamuliwa hapa hapa, zinakaa kwenye mapipa hapa hapa, chupa inatoka na jina la shamba. Mzee akanyamaza. Msimu uliotangulia zabibu zake zilikaa zikimsubiri mnunuzi hadi zikaanza kuoza, na mwishowe akauza mchuzi wa zabibu, yaani maji yake yaliyokamuliwa, kwa bei aliyopangiwa na aliyekuja na tangi.

"Kwa hiyo mwenye shamba ndiye mwenye pipa?"

"Ndiye, baba."

"Basi kabla hamjaondoka, waulize pipa moja ni shilingi ngapi."

Tukainuka kwenda kuuliza.